Mwantum hauzi tena nyamunyamu

Saa moja asubuhi, ufukweni mwa ziwa, Ruziba, huko Kanyosha, Bujumbura. Mwantum anamwaga beseni la samaki juu ya meza ya wavu wa waya, anaanza kuwachambua. Ndagala, yaani dagaa, huku. Nyamunyamu kule pembeni, kama wageni wasioalikwa.

"Hii sitaki," anamwambia Shaabani, mvuvi aliyewaleta. "Rudisha."

"Mama Houda, nirudishe wapi? Mu ziwa? Zimeshakufa!"

Hapo Shaabani hajakosea, na ndilo linalomuudhi mama huyu wa Kanyosha. Amekausha samaki hapa tangu binti yake Houda akibebwa mgongoni. Leo Houda ana watoto wake.

Kwa asiyejua: nyamunyamu ni samaki mdogo, mwembamba, mtamu ukimkaanga akakauka. Mukeke ni samaki wa heshima. Mkwe akitembelea Bujumbura asipikiwe mukeke, atarudi kwao amenuna. Sokoni kila mmoja ana jina lake na bei yake. Jina ndilo lililotupoteza, maana samaki ni mmoja. Nyamunyamu ni mukeke aliyevuliwa utotoni.

Mwantum naye hakujua. Yeye hupenda kuwapanga samaki kwa kimo, mdogo hadi mkubwa, meza ipendeze. Siku moja nyavu zilileta wa kila kimo.

"Nikapanga, nikapanga. Kufika mwisho ya mustari naona mudomo ni ile ile, jicho ni ile ile. Mi nikasema, yarabi, kumbe ni mutu moja anakomaa!"

Mstari ule haupangiki tena. Wa kati wameadimika, na mukeke mkubwa akionekana watu humzunguka kumtazama. Nyavu za matundu madogo huzoa watoto kabla hawajazaa, kisha tunalilaumu ziwa kwa uchoyo. Mwantum alikuwa na meza tatu. Amebaki na moja. Mbao za zile nyingine ziliishia jikoni, kuni.

Mwaka jana, sokoni Musaga, aliacha kutaja nyamunyamu. Akawa ananadi: "Watoto ya mukeke! Kujeni mukule watoto!" Wateja walicheka, wakapita. Consolate, anayekausha samaki meza ya jirani hapa ufukweni, alimwonya kwamba anafukuza riziki kwa mdomo wake. Mwishowe Mwantum aliacha kuuza nyamunyamu kabisa.

Leo Shaabani amechoka. "Unakamata yote ao unaacha yote. Kesho naenda kwa Consolate."

Mwantum anazitazama ndagala zake, nusu meza tu. Zikienda hizo, nyumbani hakuna kingine. Inauma kumtazama.

"Basi enda," anasema, huku akizitandaza ndagala.

Shaabani haendi. Anakusanya nyamunyamu taratibu na kuwarudisha kwenye beseni, ndagala anaziacha pale pale. Kisha anasema, bila kumwangalia: "Niko na wavu ingine, ya matundu kubwa. Ilipasuka. Mi sijui kushona vizuri."

"Mi najua."

"Nitapata kidogo, Mama Houda."

"Utapata kidogo, nitakausha kidogo. Ilete kesho."

Consolate, aliyekuwa akisikiliza muda wote, anaguna tu. Beseni la Shaabani linahamia mezani kwake.

Mwantum anazigeuza ndagala zake. Anasema hana mpango mkubwa. Anataka kuushona wavu ule, basi.

"Na siku moja mujukuu wangu aniulize, bibi, nyamunyamu ni nini? Nitafute hapa juu ya meza, nikose ya kumuonyesha, sababu yote iliachwa ikakomaa mukeke."