Nilivyolipumzisha Jua

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa kijiti. Kilikuwa cha mbao, kina alama zilizochongwa kwa kisu, na Inspekta wa Mitambo wa hospitali moja ya Mwingi alinifundisha kukitumbukiza ndani ya tangi la dizeli, kukichomoa na kusoma mahali mafuta yalipoishia. Wakati huo nguzo za stima zilikuwa hazijafika kwetu. Taa za chumba cha upasuaji na friji ya dawa zilitegemea jenereta, na jenereta lilitegemea kijiti hicho.

Inspekta alikuwa na maneno machache na aliyarudia kila siku. "Wewe kijana, mashine ikifanya masaa sita, unaipatia saa moja ipumzike. Weka mkono hapa. Ikikuchoma, inakuambia imechoka." Niliweka mkono, nikaungua, nikaelewa. Tangu siku hiyo sikuwahi kuua injini hata moja, na najivunia hilo mpaka leo, ingawa wajukuu wangu hawaoni la ajabu.

Baadaye nilihamishiwa Emali, kwenye pampu ya kisima. Hapo ndipo nilipojua dizeli inatoka mbali kiasi gani. Malori yaliileta kutoka Mombasa, meli ziliileta Mombasa, na kabla ya meli ilikuwa chini ya ardhi ya watu ambao hata salamu yao siijui. Watu hao wakigombana, kijiti changu kilitoka kikavu na akina mama wa Emali walirudi nyumbani na mitungi mitupu. Mhandisi wa Maji alikuwa akikunja gazeti na kusema, "Fundi, hawa wameanza tena. Bana hiyo dizeli." Nikabana. Nusu ya kazi yangu ilikuwa kubana.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa zahanati ndogo upande wa Matinyani. Nilikuta jenereta dogo la akiba, na nyuma ya jengo paneli za sola juu ya fremu za chuma. Paneli zilijaza betri mchana, na betri ziliendesha friji ya chanjo za watoto usiku kucha. Mafundi waliozifunga walikuwa ndio wanamaliza kazi; walinionyesha kwenye kidhibiti, kile kisanduku kinachopima betri, taa ya kijani ya uzima na taa nyekundu ya njaa, kisha wakaniaga. "Mzee, hii haina maneno. Wewe pangusa tu vumbi." Mimi sikuzipenda. Mashine isiyo na sauti utajuaje kama ni nzima?

Mwaka fulani vita vya mbali vilianza tena, na lori letu la dizeli likakosa kuja. Nikajiambia kwamba sasa sola ndiyo tegemeo, kwa hiyo lazima itunzwe vizuri. Ilikuwa Julai, asubuhi za mawingu, jua linatoka kuanzia saa sita. Saa saba niliweka mkono juu ya paneli. Ukaungua. Nilikwenda stoo, nikatoa turubai, nikazifunika paneli zote mpaka saa kumi. Nilifanya hivyo siku nne, nikiwa na moyo mweupe kabisa.

Siku ya tano ilikuwa siku ya kliniki. Sista msimamizi alifika asubuhi, akafungua friji, akaniita. "Mzee, kipimajoto kinasoma kumi na mbili. Haifai kupita nane." Kwenye kidhibiti iliwaka taa nyekundu. Nilikimbilia jenereta, nikatumbukiza kijiti, kikatoka kikavu. Sista alikuwa ameshaliona turubai limekunjwa kando ya fremu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kupumzisha sola, Sista. Mchana inapata moto sana."

Alilishika turubai. "Mzee, hiyo saa ndiyo hii kitu inakula. Wewe umekuwa ukiifunika mdomo."

Chanjo hizo hazingeweza kutumika tena. Nje, benchi lilikuwa limejaa akina mama na watoto mgongoni, wengine wametembea tangu alfajiri. Sista aliniambia niende niwaeleze mimi mwenyewe. Niliwaeleza bila kuficha. Wengi walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini Mama Mwende, aliyetoka mbali kuliko wote, hakucheka. "Kwani jua nayo huchoka, mzee?" aliniuliza, akaondoka. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa. Surua ilikuwa imesikika vijiji vya jirani, na mtoto wake alikuwa hana kinga.

Wiki iliyofuata chanjo mpya zililetwa kwa pikipiki kutoka Kitui mjini. Akina mama wote walirudi isipokuwa yeye. Nilimwomba Sista ruhusa, nikachukua baiskeli, nikapiga hodi kwake.

"Mwaitu," nilimwambia, yaani mama yetu kwa Kikamba, ingawa umri wake ni wa binti yangu, "friji ni baridi. Nimekuja kukuomba urudi."

Aliendelea kupepeta ndengu. "Hujafunika?"

"Sijafunika."

Aliweka ungo chini, akamfunga mtoto mgongoni. Mtoto alichanjwa siku hiyo hiyo, akalia kwa nguvu, na mimi nilifurahi kusikia kile kilio.

Vita vya mbali havijaisha, na meli bado huchelewa. Lakini siku hizi zikichelewa, friji ya Matinyani haina habari. Jua halipitii Mombasa. Nilitumia miaka mingi kulijua jambo hilo dogo, na nililijua kwa kukosea.

Siku ya kustaafu kwangu walinipikia chai na mandazi. Akina mama wa kliniki walikuja, na Mama Mwende ndiye aliyesimama kunipa zawadi, kifurushi kizito kilichofungwa kwa kamba. Nilipofungua nikakuta lile turubai, limefuliwa.

"Jua haikutaka," akasema. "Pumzika wewe."

Sasa naanikia ndengu juu yake.