Uvimbe Ambao Picha Haikutosha Kuujua

Nilikuwa nimemwachisha ziwa mtoto wangu wa tatu nilipogusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kikubwa kama kokwa ya tende. Hakikuuma. Hilo ndilo lililonitisha, maana shangazi yangu aliyeishi kijiji cha Kinna naye alisema chake hakiumi, na tulimzika mwaka uleule.

Mwezi mzima nilimficha mume wangu jambo hilo. Nilikuwa nauza vitambaa sokoni Isiolo, na kila mteja alipogeuka nilipeleka mkono chini ya mtandio kuona kama kimeondoka. Mwishowe nilimwambia wifi yangu.

"Kesho tunaenda Meru," akasema. "Mama mkwe wako asijue. Atakwambia ukikatwa utakufa."

Ilikuwa miaka ya themanini, na hospitali tuliyokwenda ilikuwa na mashine ya altrasaundi, waliyoitumia zaidi kwa waja wazito. Daktari alinipaka kitu cha baridi, akapitisha kifaa juu ya titi. Kwenye kioo mimi niliona ukungu tu. Yeye alirudia palepale mara tatu.

"Ni maji, daktari?" wifi akauliza.

"Maji yangeonekana meusi kabisa. Haya si maji, na kingo za uvimbe sizipendi."

"Basi ni kansa?"

"Inafanana na kansa. Lakini picha peke yake haitoshi. Tukate kipande kidogo, kipimwe Nairobi."

Walikata kipande siku ileile, nikarudi nyumbani na neno moja tu kichwani. Kwa wiki tatu za kungoja jibu, katikati ya swala nilipotewa na hesabu ya rakaa. Nilimfundisha binti yangu wa miaka tisa kupika anjera, mkate wetu mwembamba wa kikaangoni, nikimfokea kila alipounguza. Hakujua kwa nini mama ana haraka.

Tuliporudi, daktari alisoma karatasi mara mbili.

"Mama, huna kansa. Ni TB ya titi."

Nilicheka mpaka nikalia.

"Unachekelea TB?" wifi akaniuliza, naye machozi yanamtoka.

"Ningeamini picha," daktari akasema polepole, "ningekata titi lote."

Nikavuta kiti, nikakaa.

Halafu akauliza kama kuna mtu anayekohoa nyumbani, maana TB huambukiza, na hofu ikarudi upya. Watoto walipimwa, na wale wakubwa wawili wakakutwa wazima. Mdogo, yule niliyemwachisha ziwa, alikutwa nayo, akaanzishiwa dawa pamoja nami. Kila asubuhi tulipanga foleni ya sindano, yeye akilia kabla hajaguswa.