Usisome Nusu ya Ubeti

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka najikuta nimesimama katikati ya nyumba, nimesahau nilichokuwa nakifuata. Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu, maana nimekulea mimi tangu hujaota meno, na cheo hicho sinyang'anywi na mtu. Siku hiyo nilikuwa kidato cha tatu hapa Tabora mjini, msichana mrefu, mkavu, mwenye majibu. Nilitoa jibu moja darasani katika kipindi cha ushairi, na jibu hilo ndilo lililofichua kwamba nilikuwa nimemzika baba yangu moyoni, naye yu hai.

Nimeikumbuka kwa sababu ya swali lako la jana. Mwalimu wenu aliwapa beti, akataka mwonyeshe tashbihi na picha zinazopingana. Ukapiga mstari chini ya kila "kama" uliyoiona, hukuacha hata moja, na bado umepewa nusu ya alama. Ulikuwa umekasirika, ukaniuliza kama mwalimu huyo ana chuki na wewe. Hana. Nami nilikuwa hivyo hivyo, tena mimi nilikuwa na kiburi zaidi yako. Sasa kaa nikueleze, na usinikatize, maana alasiri za mtaa huu wa Isevya ni ndefu na sina mwingine wa kumweleza.

Sisi tulikuwa watu wa Tura, pale stesheni ndogo mashariki ya Tabora. Baba alikuwa katika kikosi cha kutengeneza reli, mwanamume mpole, asiye na maneno. Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mama. Mama alilima karanga, akafuga kuku, akaimba kwenye kwaya ya Wamoravian, na katikati ya hayo yote alimgombeza baba kutwa. Alikuwa akimgombeza jinsi mwingine anavyopiga mluzi akiwa kazini, bila kinyongo. Baba alikuwa akisikiliza tu huku akiguguna muwa.

Katika kikosi hicho alikuwapo Mgogo mmoja, Mzee Chilongani. Nadhani ninyi watoto wa siku hizi utani mnaujua kwa kuusikia redioni tu, kwa hiyo ngoja nieleze. Wazee wetu Wanyamwezi walibeba mizigo kwenda pwani na kurudi, na njia ilikatiza katika nchi ya Wagogo. Huko waligombania maji, wakapigana, wakachoka kupigana, wakageuka watani. Tangu hapo Mgogo na Mnyamwezi hutukanana bila kukasirikiana, na mmoja akifiwa, mtani ndiye anayekuja kuchekesha msiba. Anaweza kumwiga marehemu, kuvaa nguo zake, kuuzuia mwili usishuke kaburini, na ole wake atakayemnunia.

Mama alipofariki nilitoka shuleni usiku uleule kwa treni. Aliugua muda mrefu, nami sikuwapo. Siku ya mazishi mchungaji alisali, akamaliza, wanawake wakalia, na mara nikaona Mzee Chilongani ametoka ndani amejifunga kanga ya mama kiunoni, mwiko mkononi. Akaanza kutembea mwendo wa mama, ule wa haraka wenye kuvuta mguu mmoja. Akamwendea baba, akaanza kumgombeza kwa sauti ya mama hasa: chumvi imekwisha, kuni ulizoleta ni mbichi, na ni mwanamume gani huyu anayenyoosha reli ya serikali na mlango wake mwenyewe umepinda. Watu waliangua kicheko. Nikamtazama baba, nikidhani ataondoka. Baba alikuwa akicheka. Alicheka hadi akashika nguzo ya baraza, na kila Chilongani alipotaka kunyamaza, baba alicheka zaidi.

Moyo wangu ulifunga pale pale, mwanangu. Nilijiambia huyu hakuwa akimpenda. Nilirudi shuleni siku chache baadaye, na likizo ilipofika sikwenda Tura, nilikaa kwa mama mdogo hapa Isevya nikasingizia masomo. Likizo nyingine vivyo hivyo. Baba alikuwa akiwapa watu wa treni asali ya msituni waniletee, na aliyekuwa akituma shukrani ni mama mdogo. Wasichana wenzangu walikuwa wakienda makwao na kurudi na hadithi, mimi nilikuwa na daftari na ukuta. Upweke wa kujitakia ni mchungu kuliko ule unaopewa na Mungu, kwa sababu huna wa kumlalamikia.

Ndipo ikaja siku hiyo ninayokusimulia. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Mwalimu Ramadhani, mzee wa hapa hapa mjini, kofia haimtoki kichwani, karibu kustaafu. Alikuwa na tabia ya kutunga mashairi yake na kuyaandika ubaoni bila kutaja ni ya nani. Asubuhi hiyo aliandika ubeti huu:

Nyumbani kama sokoni, watu walivyojazana,
Nyumbani kama pangoni, kimya nami twaonana,
Kicheko changu usoni, kama jua la mchana,
Mvua yanya moyoni, tangu tulipoachana.

Akatutaka tueleze mtunzi amefanya nini. Wenzangu walifanya ulivyofanya wewe. Hapa pana "kama", hiyo ni tashbihi. Hapa pana "kama" nyingine, nayo tashbihi. Mmoja akasema soko na pango ni picha zinazopingana, jua na mvua vilevile, akakaa chini ameridhika. Mwalimu alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesubiri chai inayochelewa. Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema mtunzi huyu amekosea au anadanganya. Nyumba haiwezi kuwa soko na pango kwa wakati mmoja, achague. Na huyo anayecheka hana mvua yoyote moyoni. Nikamaliza kwa sauti iliyopanda bila mimi kuituma, nikasema anayecheka hana msiba.

Mwalimu Ramadhani aliweka chaki chini, akanitazama, na nilijua ameona kwamba sikuwa nazungumza na ubao. Hakuniuliza mambo ya kwetu mbele ya watu. Aligeukia ubeti wake.

"Kalunde," akasema, "mtunzi ameandika mistari minne. Wewe umesoma mmoja, ukamhukumu kwa huo. Ukiona picha mbili zinapingana katika ubeti mmoja, usiulize ipi ni ya kweli. Uliza ni maumivu gani yaliyozihitaji zote mbili."

Kisha akatufundisha, na somo lile ndilo ninalotaka ulipeleke kwa mwalimu wako. Alisema nyumba ile imejaa watu kweli, pengine ni siku ya matanga. Lakini mwenye nyumba anamtafuta mtu mmoja tu katika umati ule, na mtu huyo hayumo. Kwa hiyo kadiri wageni wanavyozidi, ndivyo pango linavyozidi kuwa refu. Soko limewekwa pale ili tulisikie pango. Ukilifuta soko, pango linabaki tundu la mwamba. Alituuliza pia kwa nini mistari mitatu ina "kama" na wa nne hauna. Tulikisia mizani, tukakisia vina. Akatikisa kichwa.

"Kwa sababu hapo hafananishi tena," akasema. "Hapo analowa."

Kipindi kilipokwisha aliniita kando. Nilitegemea adhabu. Akaniambia babu yake alikuwa mpagazi wa njia ya pwani, na alikuwa akimsimulia kwamba mzigo ukizidi uzito ndipo wimbo ulipochangamka, hata wanavijiji waliousikia kwa mbali walidhani ni harusi inapita. Halafu akanikaripia, kwa upole lakini akanikaripia: kwamba nina akili ya kuhesabu maneno na uvivu wa kusubiri mtu amalize kusema. Akasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kama yupo mtu niliyemsoma mstari mmoja nikamfunga, niende nikamfungue. Nililia njia nzima hadi kwa mama mdogo. Sikuwa nimeshawishika, nilikuwa nimefedheheka tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Likizo ilipofika nikapanda treni kwenda Tura. Niliwakuta barazani, baba na Chilongani, wanacheka. Nusura nigeuke. Nikawapa shikamoo, wakaitikia, na Chilongani akaniambia alidhani nimekwisha kuolewa na ubao huko Tabora, kwa jinsi Wanyamwezi wanavyopenda mahari rahisi. Baba alicheka. Safari hii sikukimbia. Nilikaa kwenye kigoda, nikamsubiri amalize, kama nilivyoagizwa. Chilongani akaaga. Kicheko kilibaki usoni mwa baba kidogo, kisha kikaondoka, na nikaona jinsi alivyokonda. Shati lake alikuwa amelifunga vifungo vibaya. Alikuwa akijipikia ugali wake mwenyewe, na sufuria ilikuwa ndogo, ya mtu mmoja.

Nikamuuliza ile siku ya mazishi alikuwa akicheka nini.

Hakukasirika. Aliniangalia kana kwamba alikuwa amelisubiri swali hilo na kukata tamaa kwamba litakuja.

"Mama yako alipougua sauti ilimkauka," akasema. "Miezi ile yote alikuwa akinong'ona tu, wewe hukuwapo. Nikaanza kuisahau sauti yake, naye yumo ndani. Chilongani alipofungua kinywa siku ile, nikamsikia tena ananigombeza. Nilicheka ili asinyamaze."

Sina la kuongeza juu ya hapo, mwanangu. Nilipika chakula cha watu wawili, tukala. Tangu siku hiyo sikukosa likizo hata moja Tura, na baadaye, nilipokuwa mwalimu mimi mwenyewe, nilimleta akakaa nami katika nyumba hii hadi alipokufa.

Basi sikia nasaha. Mwalimu wako akikupa shairi lenye moto na barafu, sherehe na kaburi, usiridhike kuorodhesha. Kutaja ni kazi ya karani wa mnada. Jiulize picha ya kwanza inaifanyia nini ile ya pili: inaikuza, inaificha, inaitania, au inaiogopa? Jiulize nani anayetazama, na amempoteza nani. Na pale tashbihi zinapokoma ghafla, simama hapo, maana pengine ndipo mtu alipochoka kujificha. Andika hayo kwa maneno yako, hata kama si ya kwenye kitabu cha majibu, na alama zitakuja. Zisipokuja, umeshapata kilicho bora kuliko alama.

Ukimaliza na mashairi, watendee watu hivyo hivyo. Moyo wa mtu ni msitu. Mwenye kelele huenda anaogopa kimya, na mwenye hasira huenda anaomba akaribishwe. Usiwafunge kwa mstari mmoja.

Nami nitakupa mfano wa karibu, kwa kuwa mimi ni mzee, sina sababu ya kuona haya. Babu yako, mume wangu, alipofariki hakuja mtani yeyote. Watani wamekuwa adimu, na wachache waliobaki wanaona aibu. Palikuwa na mshereheshaji na kipaza sauti, sare nzuri, picha kwenye simu, watu wengi mno. Hakuna aliyeiga kikohozi chake, wala alivyokuwa akiniita jina langu kwa kulivuta mwishoni. Kwa hiyo siku nyingine, mchana kama huu, najifanyia mwenyewe. Najigombeza kwa sauti yake hapa jikoni kwamba chai haina tangawizi, kisha nacheka. Majirani husikia wakasema bibi huyu ana raha zake.

Nawe ukiwa kwa mama yako ukinipigia simu nacheka, ukamwambia kwamba bibi mzima kabisa. Sikulaumu, huo ndio mstari uliosomewa. Ila nataka ujue kwamba nacheka ili usikate simu.

Mungu akujalie subira ya kufika mstari wa mwisho wa kila unayempenda. Akupe kalamu nyepesi kwenye mtihani na moyo usiofunga upesi. Na siku utakapokuwa wewe ndiye nyumba iliyojaa watu, akuletee mmoja wa kukusoma mpaka mwisho. Amina, mwanangu.