Siku Musa Alipokufa Nyumbani Kwetu

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu Wayahudi wakicheza, wamekumbatia magombo ya Torati. Walikuwa wameyasoma mwaka mzima hadi mwisho, na siku hiyohiyo wakaanza upya. Papo hapo nikasikia harufu ya nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni kwetu Chonyonyo.

Kila Jumapili mchana baba alitusomea vitabu vya Musa. Mimi nilidhani Musa ni ndugu yetu wa kijiji cha Rugu, maana baba alimtaja mara nyingi kuliko wajomba. Mchana mmoja, alipofika mwisho wa vitabu hivyo, alishusha sauti, akasoma kwamba Musa amekufa na watu wamemlilia siku thelathini.

Kwetu penye msiba hakuna anayeshika jembe. Nje mvua ilikuwa inapiga migomba, na mbegu za maharage zilikuwa tayari kikapuni. Siku thelathini! Tungekula nini? Hata hivyo mwiko ni mwiko. Nilitoka kimyakimya nikaficha majembe yote migombani, kisha nikarudi nimelowa, nalia.

"Unalia nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Musa amekufa. Hatupandi maharage."

Baba hakucheka. Alirudisha kurasa hadi ya kwanza kabisa, akaanza kusoma Mungu alivyoumba mwanga, maji na miti.

"Na Musa je, baba?"

"Huyo hajazaliwa bado."

Nilikimbilia mvuani kuyarudisha majembe.

Mjukuu wangu aliniuliza wale watu wanafurahia nini hivyo.

"Kesho wanalima," nikamwambia.