Mkono Begani

Kaka yangu aliacha kusikia taratibu. Miaka mingi alikuwa fundi wa mashine ya kusaga kokoto upande wa Ubena, na aliporudi nyumbani Bagamoyo akawa anatutazama midomo tukizungumza. Barazani aliitikia kwa kukisia. Siku moja mtu alimwuliza bei ya mkaa, yeye akajibu, "Marahaba." Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, lakini baada ya hapo akawa hatoki.

Kilichomtoa ndani ni ndege. Aliona kwenye simu watu wakirusha ndege ndogo zisizo na injini kutoka mlimani na kuziongoza kwa rimoti. Akachonga ya kwake kwa maboksi meupe ya kubebea samaki, akatia ufito wa mwanzi ndani ya mbawa na kuzungushia selotepu. Rimoti nilimnunulia mimi Kariakoo. Tulikwenda kuijaribu kwenye ukingo wa mwamba, ng'ambo ya Kaole, mahali ambapo upepo wa bahari ukigonga ukuta hauna pa kwenda ila juu. Ndege ikabebwa. Kaka akaiongoza hadi shingo ikamuuma.

Wengine walipopata habari wakaja na za kwao, na ndipo mashindano yalipoanza. Kuyapanga kukaniangukia mimi, kwa kuwa kaka hawezi kupokea simu. Kanuni zetu zilikuwa nyepesi. Tulisimika miti miwili yenye vitambaa vyekundu, mmoja kila mwisho wa ukingo, na ndege ikaenda na kurudi kati yake. Mwenye kasi kuliko wote ndiye mshindi. Tatizo ni kwamba mrushaji husimama katikati, na kutoka pale haoni ndege yake inavuka mti wakati gani. Kwa hiyo kila mti ulikuwa na mwamuzi mwenye filimbi. Filimbi ikilia, unageuza. Ukigeuza mapema, mzunguko hauhesabiwi. Ukichelewa, unapoteza muda.

Kaka hakuisikia filimbi. Alikuwa akiipitisha ndege mbali, kwa tahadhari, ndipo anageuza, na kila mara alikuwa wa mwisho. Hakulalamika. Akifika nyumbani anasema, "Ndege yangu nzito," anakaa kuzipiga mbawa msasa upya.

Asubuhi moja nilishindwa kuvumilia. Zamu yake ilipofika nilikwenda kusimama nyuma yake, nikamwekea mkono begani, na kila filimbi ilipolia nikambonyeza. Aligeuza ndege kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona kwake. Akawa wa kwanza, na watu wakapiga makofi.

Kijana mmoja wa Dar, mfanyakazi wa benki, hakupiga. Aliniamkia tena, ingawa tulikuwa tumeshaamkiana, kisha akasema, "Dada, naomba unisamehe kwa nitakalosema. Filimbi upepo unaichukua. Wakati mwingine inatufikia hafifu, wakati mwingine haifiki. Yeye mkono haumpotei."

"Kwa hiyo kutosikia ndiyo bahati yake?" nikamuuliza.

Nilikuwa na hasira, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba sikuona alipokosea.

Kaka akataka kujua kunasemwa nini. Nikamgeukia, nikamweleza polepole bila kumficha neno. Akafikiri.

"Kijana ana haki," akasema. "Futa muda wangu."

"Sifuti."

"Futa, mdogo wangu. Nisishangiliwe kwa huruma."

Kulikuwa na mkulima wa mihogo kutoka Makurunge, mtu wa makamo, asemaye kwa nadra. Alikuwa ameketi majanini na ndege yake mapajani.

"Basi tuguswe sote," akasema.

Mmoja akacheka, lakini hakuna aliyekuwa na wazo bora. Tukaziweka filimbi mfukoni. Waamuzi wakapewa vitambaa, wavishushe kila ndege inapovuka mti, na kila mrushaji akatakiwa atafute mtu wa kumsimamia nyuma, amwangalizie kitambaa na kumbonyeza bega. Mkulima alisema haguswi na mtu ila mkewe, na mama yule akaacha chupa ya chai aliyokuwa akiifungua, akajitanda vizuri, akaja.

Kijana wa benki alikuwa amekuja peke yake siku ile. Alitazama huku na huku, kisha akaenda kwa kaka. Akaelekeza kidole kwenye mti, akajigusa bega. Kaka akaelewa, akatikisa kichwa kukubali.

Tukaanza upya. Mimi nilimsimamia kaka, akarusha vizuri, akawa mbele ya wote waliomtangulia. Kisha ikaja zamu ya kijana. Kaka alisimama nyuma yake, macho yakienda mti hadi mti, na kitambaa kilipoanguka vidole vyake vikabonyeza papo hapo. Nilimtazama kwa makini kuliko nilivyoitazama ndege. Hakuchelewa hata mara moja. Kijana akampita, akashinda.

Walishikana mikono kwa muda mrefu. Kijana alisema jambo ambalo upepo haukuniachia, lakini kaka alikuwa karibu na midomo yake.

Tulipokuwa tunafungasha, nilitaka kumpa pole. Alinikatiza kabla sijamaliza. Uso wake ulikuwa mkunjufu kwa furaha.

"Leo nimeshindwa kweli," akasema. "Siku zote nilikuwa sijui kama nashindwa na wenzangu au na filimbi."

Nikamshikia ubawa wa pili.