Mama, Mkwe Wake na Karavani

Mama yangu alikuwa ameapa kwamba hatalala kamwe chini ya paa la mkwe wake, na mkwe mwenyewe, yaani mume wangu, alimshukuru kimoyomoyo kwa kiapo hicho. Mimi nilikuwa katikati yao kama mkeka, kila mmoja akinikanyaga akielekea kwake.

Milimani Kivu ya Kusini tulikotoka, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na kwa watu wetu heshima hiyo huanza siku ya posa na kuisha siku ya mazishi. Lakini kule majani yalikuwepo ya kuingilia, na kila mtu alikuwa na nyumba yake. Sisi tulikuwa tumepanga nyumba mtaa wa Iroquois, Louisville, yenye vyumba vitatu na choo kimoja. Mama alikuwa Lackawanna, karibu na Buffalo, kwa mdogo wangu wa kiume.

Majira ya baridi ya mwaka 2015 mama aliteleza kwenye barafu mbele ya ngazi, akalala pale chini mpaka jirani alipotoka kumtembeza mbwa wake. Habari ilinikuta kazini. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, na simu ilipolia nilikuwa namwogesha mama wa mtu mwingine, bibi wa Kizungu mwenye mgongo mwembamba, asiyeridhika na maji mpaka yawe moto kweli. Nilimaliza kumwogesha, nikampaka mafuta, nikamvalisha soksi, kisha nikaingia stoo ya mashuka nikalia. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ningeweza kupiga simu kutwa nzima, lakini nisingeweza kumwinua mama kutoka chini.

Kiangazi kilipofika, mdogo wangu akatuambia amepata kazi ya kuendesha malori ya safari ndefu, na kwamba mwisho wa Agosti anairudisha nyumba kwa mwenyewe. Ama mama aje kwetu, ama aingie kwenye jengo la wazee ambako hakuna hata mmoja wa kumwambia habari za asubuhi kwa lugha anayoisikia. Nilimpigia simu nikamwuliza.

"Mu nyumba ya mukwe?" akasema kwa Kiswahili cha kwetu, chenye Kifaransa ndani yake. "Bon. Miye nitaenda kwa bale bazee."

Akabadilisha mazungumzo, akauliza kama watoto wanakula vizuri.

Mume wangu ndiye aliyeleta wazo la karavani. Mwenzake wa kiwandani alikuwa nayo moja iliyozeeka, ile yenye injini yake, usukani mbele na vitanda nyuma, na alikuwa radhi kutuazima. Hoja ya mume wangu ilikuwa hii: tutaenda sote kumwomba mama ana kwa ana, watoto watafurahia safari, na tukifika, mama atalala katika nyumba ya mwanawe na yeye atalala ndani ya karavani nje. Hakuna atakayevunja mwiko. Alieleza kwa fahari kubwa, nami nikamsifu. Watu wazima wawili tulikaa mezani tukapanga namna ya kwenda, na hakuna aliyewaza habari ya kurudi.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi. Binti yetu wa miaka minane alijifanya mhudumu wa ndege, akawa anapita na sahani ya biskuti na kutukataza kusimama. Mdogo wake wa miaka mitano alitaka kwenda haja kila wakati, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuona choo kinachotembea. Kila kona vikombe vilianguka kabatini. Mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili, polepole, malori yakitupita na kutupigia honi. Tulivuka mto pale Cincinnati, kisha yakaanza mahindi ya Ohio. Nilitafuta kwa macho mtu mwenye jembe katika mashamba yale, sikumwona hata mmoja, na sijui kwa nini jambo hilo lilinihuzunisha.

Columbus tulisimama mtaa wa Linden kwa baba mdogo wa mume wangu. Huendi ukweni kwa jambo zito bila mkubwa wa upande wako kukutuma. Baba mdogo alifanya kazi usiku katika ghala la mizigo, hivyo tulimwamsha. Alitoka kwa kandambili, akaizunguka karavani, akaigonga ubavuni, akaingia na kufungua kabati moja baada ya jingine.

"Iko muzuri," akasema. "Na kurudi, mama mukwe atakaa wapi?"

"Humu," mume wangu akajibu.

"Na wewe?"

"Humu humu."

"Donc mutakaa chini ya paa moja kutoka Buffalo mpaka Louisville."

"Baba, hii iko gari. Hata mu basi mutu anaweza kupanda na mukwe wake."

"Basi haina kitanda," baba mdogo akasema. Halafu akafungua kile kimlango chembamba kilicho karibu na jiko. "Na hii choo, nani anaimwanga?"

Chini ya karavani kulikuwa na tangi, na tangi lilimwagwa kwa mpira mnene, na mmwagaji alikuwa mume wangu. Mwenye karavani alikuwa amemfundisha akiwa amevaa glavu, uso ameugeuzia pembeni. Sasa nilimwona akijiona: mkwe mtu, ameinama na mpira mkononi, anamwaga ya mama mkwe. Alishuka akakaa kwenye ngazi ya karavani, mikono kichwani.

Hapo nilipandwa na hasira. Mke hapandishi sauti mbele ya baba mdogo wa mumewe, kwa hiyo niliyakasirikia masufuria. Niliyaosha yaliyokuwa safi, nikayagonganisha, nikayafuta, nikayaosha tena. Mama yangu alikuwa amelala juu ya barafu peke yake, na wanaume wawili wenye nguvu zao walikuwa wanajadili tangi. Nilitaka kuwaambia kwamba mimi humwaga ya watu kila siku na sijafa. Sikusema, lakini nadhani masufuria yalisema.

Mwishowe baba mdogo akatoa uamuzi. Kitu chenye magurudumu si nyumba, akasema, na mama asikitumie choo kile. Tusimame kila kituo cha mafuta, ashuke kama abiria. Akatuombea, akatupa mfuko wa mihogo, akarudi kulala. Mume wangu aliupokea uamuzi ule kama mtu anayemeza dawa asiyoiamini.

Tulipoanza kupanda kuelekea kaskazini, mtoto wetu wa kiume akauliza kwa Kiingereza chake kwa nini baba anamwogopa bibi. Mume wangu akamjibu kwa Kiswahili kwamba hamwogopi, anamheshimu. Mtoto akauliza tofauti yake ni nini. Mume wangu akaongeza sauti ya redio, kisha ziwa likaanza kuonekana upande wa kushoto na swali likasahauliwa na kila mtu isipokuwa mimi.

Mimi sikuwa nataka mila ife. Watu husema mambo hayo tuyaache huko huko, sisi sasa ni watu wa hapa. Lakini nimeona katika kazi yangu wazee ambao hakuna anayewapisha njia, wanaoitwa kwa majina yao na vijana wanaoweza kuwa wajukuu wao. Mama yangu kila alipopita, mwanaume mzima aliinamisha kichwa. Hicho si kitu kidogo kumnyang'anya mtu. Nilichotaka ni awe nacho na awe nami, na sikujua kama viwili hivyo vinaweza kukaa chumba kimoja.

Lackawanna tulifika jioni, jua bado lipo, mitambo ya upepo ikizunguka taratibu pale kilipokuwa kiwanda cha chuma. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kufunga vitu vyake. Makochi yalikuwa nje ya mlango. Mama alishuka ngazi akishika ukuta. Alikuwa amepungua. Nilizoea kumwona katika simu, na simu haionyeshi jinsi mtu anavyotembea. Mume wangu aliteremka kwa mlango wa dereva, akasimama upande wa pili wa karavani, akamwamkia kutoka huko bila kuonekana. Mama akaitikia kwa kuyaambia magurudumu.

Watoto hawakuwa na habari ya mwiko wowote. Walimshika bibi yao, huku na huku, wakamvuta ndani kuona vitanda vyao. Wanamwita koko, na hilo ndilo karibu neno pekee la lugha yake walilozoea kulitamka. Binti akampa biskuti na kumfunga mkanda. Mdogo wake akampanga alale naye kitanda cha chini, akapiga mto kumwonyesha pahali pake.

Mama alinigeukia. "Hii kitu iko nini?"

"Gari, mama," nikamwambia. "Ni gari tu."

Akanitazama, akatazama pazia, akapitisha kiganja juu ya meza. Kisha akavua viatu.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mipango yote ya mume wangu ikapinduka. Mama akabaki ndani ya karavani na wajukuu, mume wangu akapanda juu kulala kwa shemeji yake kati ya maboksi. Watoto walisinzia mapema, wamemlalia kila upande. Nje kulikuwa bado na mwanga. Nilikaa karibu naye, nikasema lile nililokuwa nimelileta kutoka Louisville.

"Mama, twende kwetu. Nakuomba."

Akamtoa mjukuu kombo la biskuti shavuni.

"Anakuwakaka na kelele?" akauliza. "Bwana yako. Akitoka ku kazi."

"Si sana. Mimi ndiye mwenye kelele."

"Minajua. Ni miye nilikuzaa." Akamfunika mtoto mguu. "Siogope paa. Paa iko mabati tu. Miye naogopa kusikia. Mama akisikia mutoto wake anagombana na bwana, lazima achague. Nikichagua wewe, naharibu ndoa. Nikichagua yeye, nakuacha peke yako. Ni juu ya ile bazee baliweka hii mwiko, mama akae mbali, asisikie."

Miaka yote nilidhani mwiko ule uliwekwa kwa ajili ya wanaume, ili wasisumbuliwe. Kumbe mama alikuwa akinilinda mimi kwa kukaa mbali, na kukaa mbali huko ndiko kulikokuwa kunanimaliza. Nililala nikiwa nimekata tamaa, kwa sababu nilimwelewa.

Asubuhi niliamshwa na harufu ya chai. Mama alikuwa amelipata jiko, amepata sufuria na maziwa, ametupia tangawizi. Watoto bado walikoroma. Kupitia dirishani nilimwona mume wangu amefika, amesimama kando ya barabara, anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mama akajaza kikombe. Nikanyoosha mkono nikipeleke, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa: chakula kutoka kwa mama mkwe hupita kwa mtu mwingine.

Hakunipa. Alijifunga kitenge vizuri, akashuka ngazi moja moja, akaenda mpaka alipokuwa, akamnyooshea kikombe kwa mkono wake.

Mume wangu alitazama kikombe, akatazama lami, akanitazama mimi nimwokoe. Nami nilikuwa nimeganda mlangoni.

"Twaa," mama akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye moja kwa moja tangu nilipoolewa. "Binti yangu aliniambia hii iko gari. Miye niko muzee, siko kipofu. Gari haina jiko. Donc nilisha lala mu nyumba yako, mukwe, na hakuna mutu alikufa."

Akakipokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kabisa.

"Kitu moja," mama akaendelea, sasa ameyaelekeza macho kwenye mitambo ya upepo kule mbali, ili mkwe wake aweze kunywa. "Nikifika kule, musigombane kwa kunongona juu yangu. Ndoa ya kunongona inaoza. Mugombane kama mbele, vile mulizoea. Miye nitasema sikusikia."

Mume wangu akanywa chai ile pale pale, amesimama, ikimchoma, mbele ya mama mkwe wake. Nililia bila kujificha, na mdogo wangu aliyekuwa akishusha boksi akaliweka chini akauliza nani amefariki.

Tuliondoka siku ya tatu, mama amekaa nyuma kabisa kati ya wajukuu, kitenge kichwani. Tulisimama kila kituo cha mafuta na mama akashuka kama abiria, na mkwe wake kila mara alitafuta tairi la kukagua upande wa pili. Kabla hatujafika Columbus mume wangu akapitiliza njia ya kutokea barabara kuu. Nikamwambia nilimwonyesha mapema. Akasema sikumwonyesha. Nikasema hasikilizi, akasema sinyamazi, na sauti zetu zikapanda kama zinavyopanda nyumbani, mpaka ghafla tukakumbuka nani yuko nyuma yetu.

Nikageuka. Mama alikuwa ametazama dirishani, amewakumbatia watoto, anawaimbia wimbo wa milimani kwa sauti kubwa kuliko zetu zote mbili. Aliuimba mpaka mwisho. Halafu akaniuliza tumefika wapi.