Pembe Iliyokataa Bega la Mama

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa nilipomwombea mama yangu asipone. Nalisema leo bila kuona haya, maana walionisikia nikikiri walikuwa wawili tu, na wote walinisamehe siku ileile.

Tuliishi kwa bibi, mama mzaa baba, nje kidogo ya Ushirombo. Baba alikuwa machimboni upande wa Katoro. Alikuwa amepata chumba cha kupanga na kibanda karibu na soko, na alitaka mama aende akapike chakula cha kuwauzia wachimbaji. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa bega la kulia la mama. Lilianza kuuma wakati wa palizi, likakaza, ikafika mahali hawezi kuinua mkono hata kugusa sikio. Zahanati walimpima, wakasema hakuna kilichovunjika wala kuteguka, wakampa vidonge. Vidonge viliisha, bega likabaki vilevile. Na mtu asiyeweza kusonga ugali wa watu ishirini aende Katoro kufanya nini?

Mimi nililipenda bega lile. Kwa sababu yake, kila asubuhi mama aliketi kwenye kigoda mbele yangu nikamchana nywele, kazi ambayo mkono wake ulikuwa hauiwezi tena. Tena bega likibaki vile, hatuondoki, na mimi sikutaka kabisa kumwacha bibi. Nililala naye kitanda kimoja tangu nilipoachishwa ziwa, na ni yeye peke yake aliyeniachia ukoko wote wa sufuria. Basi kila nilipopitisha kitana nilisema moyoni: usipone, usipone. Nilifanya hivyo kwa bidii ambayo mwalimu wangu wa hesabu hakuwahi kuiona.

Bibi alikuwa akiumika watu. Walimjia wenye migongo, wenye magoti, wenye vichwa visivyokoma kugonga. Alichanja ngozi kidogo kwa wembe mpya, akaweka juu yake pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani, akavuta hewa kwa mdomo kupitia kitundu kile, kisha akakiziba kwa nta aliyokuwa ameihifadhi shavuni. Pembe ilishika mwilini na kuvuta damu, naye akaiacha hapo huku akipiga soga na mgonjwa.

Lakini kabla ya wembe kulikuwa na kibuyu cha maji. Kila aliyekuwepo alisema alilo nalo juu ya mgonjwa, akapiga funda, akatema chini. Asiye na neno alisema hana neno, naye akatema. Bibi alituambia pembe haikai penye kinyongo. Mtu akificha lake moyoni, itaanguka. Pale kwetu hakuna aliyelitilia shaka jambo hilo, na mimi nililiamini kuliko wote.

Cha ajabu, kwa miezi miwili hakumgusa mkwewe. Mara nta imekwisha, mara amechoka, mara kuna mgonjwa wa mbali. Mwisho mama mwenyewe alivunja ukimya tukiwa tunapukuchua mahindi.

"Mayu," alisema, akimwita bibi kwa jina la heshima la Kisukuma, "watu wa mbali unawaumika. Mimi wa nyumbani nina kosa gani?"

Bibi aliendelea kupukuchua. "Kesho asubuhi," akasema.

Asubuhi ile tulikuwa watatu uani. Mama aliketi kwenye kigoda, bega wazi. Alisema hana neno, anataka mkono wake tu, akatema. Nami nikasema sina neno, nikatema, na maji yale yalikuwa machungu mdomoni. Bibi akasema upesi, "Mkono upone," akatema.

Akachanja, akaweka pembe, akavuta, akaziba. Alipoondoa mkono, pembe ikaanguka.

Akaifuta, akairudisha. Ikaanguka tena. Uzi mwembamba wa damu ulishuka mgongoni mwa mama.

"Nani ana neno hapa?" bibi aliuliza. Hakunitazama. Angenitazama, pengine ningekaza uso.

"Ni mimi!" nikapasuka kilio. "Mimi ndiye nilisema asipone! Kila nikimchana nasema asipone, ili tusiende Katoro!"

Mama aligeuza shingo. "Kumbe ni wewe unayenifunga bega, Kabula? Tena kwa kitana changu mwenyewe?" Alikuwa akicheka na macho yamejaa machozi. Akanivuta kwa mkono mzima, akanifuta kamasi kwa kanga. "Tema, mwanangu. Yaishe."

Nikatema. Nilitema hadi koo likakauka. Bibi akaweka pembe mara ya tatu.

Ikaanguka.

Sijawahi kuogopa namna ile tena maishani. Nilikuwa nimetoa kila kilichokuwa moyoni, na bado pembe ilimkataa mama. Niliona atabaki na mkono ule mpaka uzee, na kwamba nimemlemaza mimi, kwa maneno ambayo hayakutoka hata mdomoni.

Bibi alinitazama. Kisha akaokota kibuyu.

"Mtoto hana kosa," akasema. "Mama Kabula, mwenye neno ni mimi. Mwanangu yuko mashimoni. Wewe na huyu mkiondoka, nabaki na ng'ombe. Nilitaka mkono huo ukae hivyohivyo."

Akapiga funda, akatema.

Mama hakugeuka. Akasema taratibu, "Wabeja, mayu." Asante, mama. Akaliinamisha bega lake tena.

Bibi aliweka pembe mara ya nne. Nakumbuka alipitisha kidole gumba ubavuni mwa pembe, polepole, nikadhani anaibembeleza. Aliondoa mkono, pembe ikashika.

Mama hakupona siku ile. Aliumikwa mara tatu, na bibi akamwamuru kila asubuhi asimame karibu na ukuta, apandishe vidole kama buibui, na pale vilipofikia mimi niweke alama ya mkaa. Alama zilipanda. Asubuhi moja niliamka nikamkuta mama amekwisha kujichana mwenyewe. Nilishukuru, na nililia, na baada ya wiki mbili tulipanda gari la Katoro.

Sasa mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Kahama, na nimejifunza tiba ya sindano, ile ya Wachina. Naifanya vizuri, wala siwezi kujishusha kwa unyenyekevu wa uongo. Wenzangu wengine husema kuna nguvu inayotembea mwilini kwenye njia zake na sindano huifungulia. Mimi sijaiona. Nilichokiona ni bega linalolegea mtu akitua mzigo wake, kabla sijamgusa. Nia haiungi mfupa wala haiyeyushi uvimbe. Mwenye hayo nampeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Lakini simchomi mtu sindano kabla sijamuuliza kama kuna neno, na mazoezi ya ukutani nawapa wote.

Bibi alifariki mwaka jana. Mama aliniletea pembe yake, akanipokeza kwa mkono wa kulia. Nilipoisafisha niliona ufa ubavuni, mrefu kama kucha, wenye nta kuukuu iliyoingia ndani, na pembeni yake pamelainika kwa kusuguliwa na kidole gumba. Niliikwangua nta ile, nikaijaribu pembe kwenye paja langu, bila wembe. Bila nta kwenye ufa, inaanguka. Ukipaka nta kidogo kwa kidole, inashika.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya chumba changu. Kumbe pembe ile haikuwahi kusikia kilio changu. Ilikuwa ikishika au kuanguka kwa kadiri alivyotaka bibi. Mara ya tatu mimi nilikuwa nimekwisha kubeba lawama. Angeishia hapo, akasema pembe imekataa, tungemwamini wote wawili na tungebaki naye. Hakuna ambaye angejua. Nina hakika alikusudia hivyo, na kwamba alichoshindwa ni kuvumilia kumwona mtoto akibeba neno lake.

Nimeuziba ufa ule kwa nta mpya, ingawa siumiki watu. Pembe iko juu ya meza yangu ya kazi, karibu na boksi la sindano. Nimeiweka upande wenye ufa uelekee kwenye kiti changu, si kwa mgonjwa, ili wa kwanza kuulizwa neno niwe mimi.